Maiki Inaniuma Midomo, Mume Wangu Anasema Ni Woga

Mshauri wetu, shikamoo. Nimekusoma miaka mingi nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema hawa hawana mashoga wa kuwamwagia moyo, na leo zamu imenifikia, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu mashoga ninao lakini hili nikiwaambia watacheka, mume wangu nimemwambia naye kacheka, na mimi mwenzenu chakula hakipiti.

Mimi na mume wangu ni wanamuziki, yeye anapiga gitaa la mbao na mimi naimba, hatuna bendi wala wacheza shoo, ni sisi wawili tu, tunapiga kwenye migahawa na kwenye sherehe ndogondogo, mahali ambapo watu wanataka muziki lakini bado wanataka kusikilizana, na siku za kawaida yeye ni fundi makochi na mimi nashona mapazia, ila ukituuliza kazi yetu nini hatutakutajia kochi wala pazia. Vyombo vyetu ni gitaa, maiki moja, na amplifaya moja kuukuu ambayo gitaa na maiki vyote vinachomekwa humo humo, ni kubwa kama kabati la vyombo, mume wangu aliikuta imekufa akaifufua kwa mikono yake mwenyewe, na anaipenda, mshauri, akiifuta vumbi huongea nayo, mimi sijawahi kufutwa vumbi.

Sasa hiyo amplifaya ilikuwa na mlio wake, vuuuuu, hata kama hakuna anayepiga wala kuimba, mpaka watu mgahawani wakawa wanageuka kutazama friji. Mume wangu akasikia kwa wapiga gitaa wenzake kwamba dawa ya mlio ni kufungua plagi na kuuchomoa ule waya wa kijani wenye mstari wa njano, eti wote wanafanya hivyo, ndiyo siri ya kazi, basi akauchomoa, na kweli mlio ukaisha, pakawa kimya mpaka unasikia kijiko kikigonga kikombe. Akanionyesha ule waya kwenye koleo akaniambia, "Huu hauna kazi, mke wangu. Alikuwa mgeni tu humu ndani, anakula bure." Nikacheka, sikujua ninachokicheka.

Ndipo maiki ikaanza kuniuma. Mara ya kwanza nilidhani ni jino, tulikuwa kwenye ukumbi wa sakafu ya simiti iliyotoka kupigwa deki, nikasogeza mdomo kwenye maiki ili niimbe, midomo ikachomwa kama kwa sindano nyingi kwa pamoja, ikafa ganzi, na ulimi ukawa na ladha ya sarafu. Nikamwambia. Akasema, "Huo ni woga wa jukwaa, hata waimbaji wakubwa wanao." Mshauri, mimi naimba tangu sina meno ya mbele, woga wa jukwaa naujua, unakaa tumboni, haujawahi kupanda midomoni.

Nikaja kugundua mwenyewe kwamba nikivaa ndala za mpira hainiumi sana, basi ikawa ndiyo desturi yangu, juu gauni refu la kumeremeta, chini ndala za bafuni, mpaka watu wakanibandika jina Bi Ndala, na nimeshaona wasichana wanaoniiga, wamejipamba usoni vizuri kabisa halafu miguuni ndala, wakidhani ni mtindo, nami naona aibu kuwaambia kwamba huo si mtindo, huo ni woga. Mume wangu haimuumi hata siku moja, kwa sababu jukwaani huvaa mabuti yake ya soli nene, jua liwake isiwake.

Nilivumilia hivyo mpaka ile sherehe ya mzee mmoja aliyestaafu. Ilikuwa mchana, chini ya turubai lenye nguzo za chuma, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na chini palikuwa matope. Ndugu yake yule mzee akaomba maiki atoe shukrani, mkono mmoja ameegemea nguzo, mwingine akaunyoosha kupokea maiki, na mimi ndiye niliyempa. Hakuwahi kusema hata "jamani". Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, maiki ikaruka kule, akakaa matopeni. Watu wakaangua kicheko, "Kalewa huyo! Mpeni maji!" Mume wangu naye akacheka, akaiokota maiki, akaipangusa, akanirudishia, tukaendelea na wimbo. Lakini nilimwona uso kabla hajacheka. Na yule ndugu alinyanyuliwa akawekwa kitini, akawa anautazama mkono wake tu, anaukunja na kuukunjua, mpaka tunafunga vyombo alikuwa hajagusa chakula.

Kesho yake nikamkuta mume wangu karakanani anaivisha maiki soksi. Soksi yake nzima ya sufu, anaikaza kwa uzi wa makochi. Nikamuuliza, "Ya nini hiyo?" Akasema, "Ya upepo." Tunapiga ndani ya mgahawa wenye madirisha ya kufungwa, mshauri, upepo gani?

Sasa sikia lililonileta kwako. Wifi yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, sherehe itafanyika bustanini ambako nyasi zinamwagiliwa kila siku, wapiga muziki ni sisi, na mama mkwe ameshautangazia ukoo mzima kwamba siku hiyo atashika maiki amwimbie binti yake wimbo aliokuwa akimbembelezea akiwa mchanga. Mama mkwe ana miguu inayovimba, akifika popote jambo la kwanza ni kuvua viatu, na moyo wake nao ni wa dawa asubuhi na jioni. Yaani nikifumba macho namwona pale peku kwenye majani mabichi, ananyoosha mkono kwangu, na mimi nampa. Nilijaribu kusema, nikasema kijinga, nikamwambia, "Mama, kwani usiimbe tu bila maiki? Sauti yako si inatosha?" Sebule nzima ikanigeukia. Wifi akasema, "Kwa hiyo wifi, maiki ni yako peke yako?" Mama mkwe akajibu yeye, taratibu, "Mwache, mwanangu. Kila mtu na chombo chake." Tangu siku hiyo salamu zao nazipata nusunusu.

Na kununua amplifaya mpya tunanunua, hilo tumekubaliana na fedha tumeshaitenga, maana mwenye mgahawa tunakopiga Ijumaa amelalamika kwamba naimba nikiwa mbali na maiki, wateja hawanisikii, hajui kwamba naikimbia. Ugomvi ni tununue ipi. Mume wangu anataka kubwa iliyoachwa na bendi moja iliyovunjika, ya kuchomeka ukutani, anasema tukiwa na kitu kama kile hakuna wa kutudharau, na ameshasema akiifikisha nyumbani kitu cha kwanza ni kuutoa ule waya, "nisije nikasumbuliwa na mlio tena." Mimi nilikwenda dukani kimyakimya, nikaona moja ndogo ya betri, ina tundu la gitaa na tundu la maiki, kila moja na vitufe vyake, nikainyanyua kwa mkono mmoja kama kikapu cha sokoni. Muuzaji akaniwashia nijaribu. Nikaimba. Nikavua ndala nikasimama peku kwenye sakafu, nikaisogelea maiki mpaka midomo ikagusa, haikuniuma. Machozi yakanitoka, muuzaji akadhani ni utamu wa wimbo. Amekubali kuniwekea mpaka Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Nilipomwambia mume wangu akasema, "Hiyo ni ya kuimbia watoto wa chekechea. Unataka ndugu zangu waseme nimeishiwa?"

Naogopa, mshauri. Naogopa nikinyamaza mama mkwe atafia mkononi mwangu, maana mwenye kumpa maiki ni mimi. Naogopa nikisema nitaitwa mke mwenye wivu aliyemnyima mzazi wimbo wa mwanawe. Naogopa nikileta ile ndogo haitasikika pale bustanini, nitakuwa nimemwaibisha mume wangu mbele ya ukoo wake wote. Na kuna wakati naogopa kwamba labda yeye ndiye mkweli, ni woga wangu tu. Hivi kweli mtu anaweza kuumwa na woga midomoni? Niambie, tununue ipi?

Ni mimi,
Bi Ndala

JIBU

Bi Ndala, marahaba. Barua yako nimeitoa nyuma ya foleni nikaiweka mbele, na wenye mashauri ya wachumba wanisamehe, wachumba wao hawana umeme.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lililonikera. Hapana, woga hauumi midomo. Kilichokuuma ni umeme, mwanangu, na ulikuuma kwa sababu upo kwenye ile maiki. Mimi si fundi, kwa hiyo kabla ya kushika kalamu nilimsomea barua yako fundi umeme anayetuhudumia hapa ofisini, mtu wa mizaha, hakuna asichokicheka. Nilipofika kwenye waya wa kijani akaweka kikombe chake chini. Aliniambia ule waya si mgeni, ndiye mlinzi wa nyumba. Umeme ukipotea njia ndani ya chombo, waya ule huuchukua na kuupeleka ardhini. Ukiuondoa, umeme unabaki umekaa kwenye bati la amplifaya, kwenye nyuzi za gitaa, kwenye maiki, unangoja mtu wa kuupitisha. Nyasi mbichi na miguu peku ndiyo barabara yake nzuri kuliko zote. Halafu akaniuliza, "Bado wanaitumia?" Nikasema inaelekea wanaitumia. Akasema, "Basi usiwaandikie, wapigie simu." Namba hukuniachia, ndiyo maana nakujibu hapa mbele ya kadamnasi, na yeyote anayemjua mwimbaji wa ndala ampelekee ukurasa huu leo hii, kabla haujafungiwa misumari.

Sasa nikugombeze kidogo, na usilie. Yule ndugu wa mstaafu aliangushwa matopeni mbele ya macho yako, maiki ulimpa wewe, halafu ukaendelea na wimbo. Wimbo gani huo usioweza kungoja? Wasichana wanaiga ndala zako, wewe unaona aibu kuwaambia. Mama wa watu umemwambia aimbe bila maiki, sababu hukumpa, sasa ulitaka akuelewe vipi? Angekuwa mkwe wako ndiye aliyekwambia hivyo, wewe mwenyewe ungenuna. Umeogopa kuonekana mjinga kuliko unavyoogopa kuzika, na hapo ndipo ninapokulaumu, hapo tu. Mengine yote uliyaona sawasawa kabla ya mtu yeyote, na nakusifu kwa hilo.

Tangu unaposoma hapa, ile amplifaya kuukuu haichomekwi. Si kwa mazoezi, si kwa wimbo mmoja, si "tumalizie Ijumaa hii halafu basi". Ndala zisikudanganye, na soksi ya sufu ikishalowa mate na jasho haikukingi na chochote. Akiipenda sana, aipeleke kwa fundi umeme wa kweli aurudishe waya na atafute kilichoharibika ndani, kwa sababu chombo kizima hakipeleki umeme kwenye maiki. Na ule mlio wa mwanzo ulikuwa na chanzo chake, mlio hutafutiwa chanzo, haunyamazishwi kwa koleo.

Umeuliza tununue ipi. Nunueni ile ndogo, lakini usiinunue kwa machozi, inunue kwa masikio. Rudi dukani na gitaa lenu lenyewe na maiki yenu, bila soksi. Mumeo apige, wewe uimbe, halafu mwombe muuzaji akasimame mlangoni kabisa, magari yakipita, akwambie kama anasikia maneno ya wimbo. Maneno, si makelele. Usisomewe namba zilizoandikwa nyuma ya boksi, namba haziimbi. Sikiliza kama gitaa limebaki la mbao au limegeuka debe. Pandisha sauti pole pole, na kama inaanza kupiga mluzi kabla haijawatosha, iacheni hapo hapo dukani. Uliza betri inakaa muda gani watu wawili wakiitumia kwa sauti ya juu, kisha jaribuni nyumbani mchana kutwa, msijaribu kwa wageni.

Siku ya sherehe ichajiwe nyumbani, na pale bustanini isiwe na waya wowote unaokwenda ukutani. Iwekeni juu ya kiti imara, mbele yenu kidogo na pembeni, iwatazame watu, isiitazame maiki. Bustani haina kuta za kurudisha sauti, kwa hiyo sogezeni viti. Unaogopa watu hawatasikia, lakini mtu anayetaka kumsikia mama akimwimbia binti yake anayeolewa atavuta kiti mwenyewe, na asiyetaka, hata ungemletea mtambo wa uwanja wa mpira angepiga soga tu.

Fundi amenisisitizia jambo moja nikuandikie kwa herufi nzito, nami naliandika: atatokea mtu wa disko la sherehe, mtu mwema kabisa, atakuja na waya mkononi aseme, "Dada, ngoja nikuunganishe kwenye spika zangu uvume." Mkatalie. Akishaunganisha, umeingia kwenye umeme wake wa ukutani, na betri yako haikulindi tena. Mwambie asante, tunavuma hivi hivi.

Ile kubwa ya bendi mimi siichukii. Kwenye ukumbi wenye umeme uliokaguliwa, na waya wake wa kijani ukiwa mahali pake, ni chombo kizuri. Ubaya wake ni kwamba inakuja kuishi nyumba moja na koleo la mumeo.

Na sasa huyo mumeo. Unaniambia haamini. Anaamini, mwanangu. Mtu asiyeamini kwamba maiki inauma haivishi soksi. Ulimwona uso kabla hajacheka, basi uamini ule uso, kicheko kiache. Wewe unaogopa chombo, yeye anaogopa mikono yake mwenyewe, ile ile anayojivunia, na ndiyo maana anacheka kwa sauti, ndiyo maana anatafuta kubwa zaidi, ndiyo maana anataja ndugu zake na chekechea. Ukimfuata na gazeti hili ukilipunga mbele ya wifi zako, atashikilia lake mpaka Jumamosi, kwa ubishi tu. Wanaume wamekufa kwa ubishi mdogo kuliko huo, na safari hii si yeye atakayekuwa peku.

Kwa hiyo mngoje awe ameketi, peke yenu, redio imezimwa. Usitaje betri, usitaje duka, usitaje waya. Muulize hili tu: "Jumamosi mama akisimama pale kwenye nyasi, nani atampa ile maiki mkononi, mimi au wewe?" Kisha funga mdomo. Kimya kitakuwa kirefu na wewe umezoea kujaza kimya, usikijaze. Akisema "wewe", mwambie hutampa. Akisema "mimi", mtazame machoni mpaka amalize sentensi. Sidhani ataimaliza.

Akiimaliza, basi mume wako amekushinda, na mimi amenishinda, na hapo usibishane naye tena. Nenda kwa mama mkwe kabla ya Jumamosi, kaa chini, umwambie bila kuzunguka: "Mama, ile maiki ina umeme, imeshamwangusha mtu mzima, na mwanao anajua." Atakasirika. Atakukasirikia wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliye karibu, na huenda akakunyima salamu hata zile nusunusu. Zivumilie hasira zake. Anayekasirika yuko hai.

Alhamisi uende dukani asubuhi, na uende na mumeo.